Hamira Arudi Mezani

Jina lake la cheti hakuna aliyelitumia. Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Hamira, kwa kuwa popote alipotia mguu mambo yalifura: kazi, vicheko, hata ugomvi. Alikuwa fundi mkuu wa kukanda, na unga aliujua kwa kuupapasa tu, kama mama anavyopima homa ya mwanawe.

Mchana mmoja alikuwa akikata madonge mezani. Kichwa kikampasuka kwa maumivu ambayo hajapata kuyaonja. Donge likamponyoka mkono wa kulia, na mguu wa kulia nao ukalegea. Alitaka kusema "nishikeni". Ikatoka sauti isiyo neno.

Hospitalini walimwambia mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, kuwa ni kiharusi cha kuvuja damu. Presha ilipanda, mshipa ukapasuka ndani ya ubongo. Dawa za presha Hamira alikuwa nazo, ila alizimeza siku zile tu kichwa kilipomgonga.

"Damu imeacha kutoka," daktari alisema, akivuta kiti karibu na kitanda, "lakini bado hatujavuka. Damu iliyomwagika inavunjika, na ndani yake mna madini ya chuma. Chuma hicho kinazua kemikali kali zinazounguza chembe za ubongo zilizo jirani, na ubongo unavimba. Ni moto wa makumbi: mwali huuoni, kumbe chini panateketea."

Mume akatazama viganja vyake vilivyojaa makovu ya cheche. "Kama kutu inavyokula geti?"

"Si kutu hasa, ila wana undugu. Mwili una kinga zake, lakini sasa zimezidiwa. Dawa ya kuzima moto huo wenyewe bado inatafutwa. Sisi tutashusha presha na kuchunga uvimbe. Wewe kaa naye. Akisinzia kupita kawaida, tuite."

Hamira alisikia kila neno. Kujibu hakuweza, basi akayameza.

Mume hakubanduka. Asubuhi moja alimwita, akamtikisa bega, mke kimya. Akatoka mbio ukumbini: "Dada nesi! Mke wangu anazama!" Wakaja haraka, wakampa dawa ya kupunguza uvimbe. Jioni Hamira akafumbua macho, akamwona mtu mzima analia, kamasi mpaka ndevuni. Aibu akaona yeye.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, sauti ilikuwa imerejea, lakini maneno yalimcheza shere. Akitaka maji, anaomba mlango. Mume, aliyekwisha kumzoea, huleta maji, kisha huenda kufungua mlango, asije akaambiwa mkaidi. Ndipo Hamira anacheka, upande mmoja wa uso.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Akautupa chini.

"Unga," alisema. Neno lilinyooka kama rula.

Tangu hapo mume akawa analeta unga, na meza ya kulia chakula ikageuka karakana. Mkono wa kulia ulilala juu ya donge kama samaki aliyevuliwa. Hamira akaweka wa kushoto juu yake, akasukuma kwa mikono yote miwili. Kesho yake tena. Bandu bandu huisha gogo. Vidole vikaanza kushika, kwanza kwa uvivu, halafu kwa ubishi. Na dawa za presha sasa alizimeza kila siku, kichwa kiume kisiume.

Aliporudi kiwandani, meneja alikuwa amemwekea kiti upande wa mauzo. "Kaa hapa, mama, upumzike."

"Nimepumzika... mno," Hamira akasema. "Nipe meza."

Alifunga aproni kwa mkono mmoja na meno. Wakandaji wenzake wakajifanya wana shughuli. Mkono wa kushoto uliongoza, wa kulia ukafuata ukisuasua. Madonge ya kwanza yalipishana ukubwa. Akayavunja mwenyewe, akaanza upya. Mkate ulipotoka tanurini, mwanamke aliyeshika nafasi yake siku zote hizo akaumega, akanusa, akatafuna polepole.

"Fundi," alisema, akisogea pembeni kumwachia nafasi, "njoo ushike kazi yako."

Mume, aliyekuja kumchukua, alikuwa mlangoni na shati lake lililotobolewa na cheche, akiwaeleza wateja asiowajua hata kwa sura: "Huyo aliye mezani ni mke wangu. Huyo, huyo!"

"Acha... kelele," Hamira akamwambia. Lakini mgongo aliunyoosha, akavuta donge jingine.