Jino la Lea

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mkono wa heri, na kama huamini, uliza kijiji kizima cha Nanyala. Mvua za kwanza zikianguka, bibi yangu hakumruhusu mtu kugusa mbegu ya ulezi kabla yangu. "Njoo, mume wangu," huniita, maana bibi kwetu humtania mjukuu hivyo, "njoo utufungulie shamba." Nami hupita mbele ya watu wazima, tumbo wazi, nachota konzi ya kwanza, narusha. Ulezi wetu uliota hata juu ya mawe. Haya, labda si juu ya mawe, lakini uliota.

Lea hakuruhusiwa kuigusa mbegu hiyo. Lea alikuwa binti wa shangazi yangu, aliyekufa siku ile ile ya kumzaa. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu duniani, basi mama yangu akamchukua, akatunyonyesha wote wawili, mimi ziwa la kulia, yeye la kushoto. Tulilala ngozi moja, tukaugua surua moja. Kilichotutenga ni meno. Mtoto hutarajiwa aanze kuota meno ya chini. Anayeanza na ya juu ni kigego. Ndugu zetu Wabemba wa ng'ambo ya mpaka humwita chinkula, na pande zote mbili zilikubaliana juu ya ubaya wake. Kigego hapandi mbegu. Habebi mtoto mchanga. Na siku jino lake la juu la utoto likidondoka, mtu wa nyumba hiyo hufa. Zamani waliwatupa mtoni. Sisi tulikuwa Wakristo, kila Jumapili kanisani, kwa hiyo Lea hakutupwa. Aliangaliwa tu.

Kuangaliwa nako ni kazi. Mimi nikicheka, watu walicheka nami. Yeye akicheka, walitazama meno yake. Basi akaacha kucheka. Kabla hajafika miaka saba, akina mama kisimani walikuwa wakisema, "Mnamwona? Macho makavu. Kazaliwa hivyo." Mimi walisema nimezaliwa na ulimi. Nilikubali. Sifa ya bure nani aikatae?

Mama akamzaa mdogo wetu Petro. Lea hakuruhusiwa kumbeba, lakini alikaa mbali kidogo na mkeka, akilia kama njiwa kwa kukunja midomo, na Petro alikuwa akicheka mpaka anapaliwa. Nilijaribu na mimi, mimi stadi wa sauti zote za porini, mtoto akaangua kilio. Nakiri hilo liliniuma.

Petro alipoanza kutambaa, akashikwa na homa na kifua. Juma hilo hilo jino la juu la Lea likaanza kucheza. Bibi akamshika kidevu, akalitikisa kwa kidole.

"Hili lisidondoke mpaka mtoto apone. Umesikia?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukiliachia, umemwachia Petro."

Lea akalishika. Alikuwa na miaka saba, na sijaona tangu hapo mtu mzima anayeweza kazi ile. Hakula chochote ila uji mwepesi. Hakusema. Alikaa kutwa ameegemea ukuta wa ghala, dole gumba limelikaza jino kutoka chini, mate yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mchana akisinzia, anashtuka na kulipapasa kwanza, ndipo anafumbua macho.

Nami nikamwendea kumchokoza. "Mwoga wewe! La kwangu nalitoa sasa hivi." Kweli, langu la juu nalo lilikuwa linalegea. Nikalifunga kwa uzi wa gome, ncha ya pili mguuni mwa mbuzi, nikampiga mbuzi kofi. Jino likatoka safi, na mbuzi angefika Rhodesia kama uzi usingenasa kwenye kichaka. Nikalirusha juu ya paa kama watoto wote, nikimpigia kelele panya alichukue aniletee jipya.

Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi. Nilisubiri acheke. Akautupa mwiko, akapanda juu ya paa mchana kweupe, mwanamke mzima na nguo zake, akawa anachambua nyasi kwa mikono miwili. Hakulipata.

Baba alipotoka shambani, mama akamvuta nyuma ya ghala. Nikawafuata kwa upande wa pili, maana masikio yangu yalikuwa na njaa kuliko tumbo.

"Baba Amosi, jino la Amosi limetoka. La juu."

"Litaota jingine."

"Hujanielewa. Aliyeanza na ya juu ni huyu wetu. Si Lea."

Baba akaliegemeza jembe ukutani. "Sasa kwa nini ulimtaja Lea?"

"Yule hakuwa na mama wa kumlilia," alisema mama.

Petro alikufa siku ya tatu, asubuhi, maharage yameanikwa uani. Leo nimezika wengi na nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nyingi, najua kifua kile kilihitaji dawa. Misheni ilikuwa mwendo wa siku moja. Hakuna aliyekwenda. Nyumba nzima ilikuwa inalinda jino.

Kilio kilipopigwa, Lea akatoa dole mdomoni kwa mara ya kwanza. Akakimbilia kwa bibi na kinywa wazi. "Lipo! Bibi, angalia, lipo! Sikuliachia!"

Bibi akaangalia. Alikuwa analia, na simlaumu, aliamini alichoambiwa. "Lilicheza," alisema. "Inatosha."

Siku hiyo hiyo wajomba wa Lea walikaa, wakaamua apelekwe kwa watu wa baba yake, milimani Ileje, asije akamaliza nyumba. Aliposikia, akaanza kumzungukia kila mtu mzima msibani, mmoja mmoja, amefungua kinywa, analionyesha. Walimgeuzia uso. Alifika kwa mama yangu. Mama akajifunika kaniki. Mwisho akafika kwangu. Mimi nilikuwa nimebana midomo ili pengo langu lisionekane, na hakuna aliyefikiri kuniuliza. Lea alinitazama, akangoja. Mimi, mwenye maneno ya kuwagawia watu wa Mbozi na Ileje pamoja, sikusema neno.

Aliondoka kesho yake na mjomba mmoja. Jino lilikuwa bado lipo.

Nilimfuata Ileje baada ya kumzika mama, miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu aondoke. Nilimkuta ana mume na watoto wanne. Majirani walinionya kwamba mama huyo ni mkavu, hana utani. Watoto wake walinisalimia kwa kunong'ona. Alikuwa anapukuchua maharage. Nikakaa, nikasaidia, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakabaki manne.

"Lea, kigego nilikuwa mimi."

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia?"

Hapo ulimi wangu ukatangulia. "Bibi, alipokuwa anakufa. Alisema alituchanganya."

Akafikiri. "Kwa hiyo jino langu lisingemfanya kitu Petro."

"Lisingemfanya kitu. Wala langu. Ni kifua tu."

"Mama alijua?"

Bado alimwita mama. Nikamtazama usoni. "Hakujua."

"Nilijua hakujua," alisema. "Angesema." Kisha akalia, yeye mwenye macho makavu, akalia maharage yakimwagika mapajani, na watoto wake wakasimama mlangoni wasijue wafanye nini.

Watu hubishana kama mtu huzaliwa alivyo au hufanywa na wanaomlea. Mimi nimeishia darasa la nne, siwezi kuwaamulia. Najua tu kwamba tulinyonya kifua kimoja, na neno moja likampa huyu shamba, na yule ukuta wa kuegemea. Hilo naweza kulieleza. Kinachonikosesha usingizi ni wepesi nilioupata siku ile kumtwisha marehemu bibi yangu kosa lisilo lake. Sikumbuki kama kuna mtu aliyenifundisha. Labda nilizaliwa nao. Au labda nilifundishwa nikiwa na miaka saba, nimebana pumzi, sikio kwenye ukuta wa ghala.