Punje Isiyosema

Juzi nilipita kwenye mashine ya kusaga pale Msimbazi, harufu ya unga wa ngano ikanikumbusha Mama Ndeshi, Mchaga aliyekuwa na duka la nafaka jirani na kwetu Kariakoo nilipokuwa mtoto.

Bibi yangu, aliyenisimulia ngano kila jioni, alikuwa amerudi Kilwa, nami nilinuna wiki nzima.

"Kwetu mlimani kuna baridi, mwanangu," Mama Ndeshi aliniambia huku akipepeta. "Tunalima ngano, tunavuna magunia."

Kumbe ngano zinalimwa! Nikachukua punje moja, nikaiweka sikioni.

"Mama, mbona haisemi?"

Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Leo najua ile ilikuwa ngano ya chapati tu. Lakini alasiri ile alikalia gunia, akaichukua punje yangu, akaisikiliza kwa makini.

"Inasema," akaniambia. "Paukwa!"