Karata Iliyolala Kwenye Kopo la Vibanio

Msusi alikuwa na kazi mbili kwenye chumba kimoja: vichwa vya watu na kesho zao. Ukishasukwa, anafuta mafuta mikononi, anachanganya karata zake za taroti na kukupangia tatu juu ya stuli: ya jana, ya leo, ya kesho. Likitoka jua, utafurahi. Ukitoka mnara unaobomoka, basi utahamia nyumba nzuri zaidi. Hakuna aliyeondoka amenuna, maana karata ya kifo, ile yenye mifupa iliyopanda farasi, haikuwamo. Aliitoa siku mteja mmoja alipoangukiwa nayo akatimua mbio, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama fagio. Tangu hapo mifupa ikahamia kwenye kopo la vibanio.

Safari hii alikuja dada yake mkubwa. Nywele za kusuka hakuwa nazo tena, dawa za hospitali zilishazimaliza. Akakaa kiti cha wateja vilevile, akataka kupangiwa. Zikatoka malkia, nyota na jua, na msusi akaanza kuisifu kesho kama dalali wa viwanja.

"Mdogo wangu," dada akamkata, "mifupa umeificha wapi?"

Msusi akajifanya anakunja taulo. Dada akaeleza taratibu kwamba amechoka. Mumewe kila asubuhi anamwambia amenenepa. Daktari anaongea na faili. Majirani wanamwahidi atacheza kwenye harusi ya binti yake, na binti mwenyewe ndiyo kwanza anang'oa meno ya utoto. Wote wanamfariji, na kuna jambo hawezi kulipanga mpaka apatikane mtu wa kukubali kwamba anaondoka.

Msusi akafungua kopo, akairudisha karata, akachanganya, akapanga upya. Haikutoka.

"Hata yenyewe inanikwepa," dada akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Basi msusi akalipekua fungu lote, akaitoa mifupa kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mahali pa kesho. Macho hakuyainua.

Dada akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Haya. Sasa tuongee. Mwanangu, baba yake hatamudu kumlea peke yake. Atalala wapi kwako?"

"Chumba cha nyuma, karibu na dirisha. Kabati nitalihamisha."

"Anaogopa giza."

"Nitamwachia taa, dada."

Dada akaigeuza ile karata, akaitazama kwa karibu.

"Na usije ukamwambia nimesafiri."

"Sitamwambia."