Projekta niliiweka mezani

Leo hapa Majengo banda zima la mpira limeshangilia goli ambalo hakuna aliyeliona.

Mwenye banda ni mimi.

Asubuhi nilikuwa natafuta pa kuweka projekta. Mke wangu akasema niifunge juu, kwenye kenchi ya paa. Nikamwambia kenchi inataka ngazi, na meza ipo.

"Baba Neema, watu wa mpira hawakai."

Nikamkalisha benchi la mbele, nikawasha. Picha safi, hakuna kivuli. "Umeona?"

Jioni mabenchi yamejaa, watu wametulia. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Mara mshambuliaji akabaki yeye na kipa.

Banda zima likasimama, mikono juu. Ukutani vikabaki vivuli vya vichwa na viganja. Tukasikia mtangazaji, "Goooli!" Tukaruka. Marudio nayo yakapita watu bado wanakumbatiana.

Mzee mmoja akauliza, "Kafunga nani?"

Wote wakanigeukia. Sikujua. Na mimi nilikuwa nimesimama.

Sasa niko juu ya ngazi ya kuazima. Anayeishikilia chini ni mke wangu, na tangu lile goli hajasema neno.

Wenye ndoa zenu, nishuke au nibaki huku huku?