Mwanzi Ndani ya Whisky ya Mmarekani

Ndugu zangu, ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni hiki changu.

Mama Salome, bosi wetu hapa Iringa, alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia baa yake mpya ya Mbeya. Nikajinadi kwamba ladha hainipiti. Kwake, anayekunywa kazini anafukuzwa siku hiyohiyo.

Juzi akaja Mmarekani na whisky zake, moja ya mtama, moja ya ulezi. Tangu asubuhi kaunta ilikuwa yangu peke yangu, na glasi nilizipanga mwenyewe. Mama akaniamuru nionje.

Ya mtama niliipatia, Mama akatabasamu. Ya ulezi nikainusa kwa madaha.

“Hii imelazwa kwenye mwanzi.”

Mgeni akatikisa kichwa. Mapipa yake ni ya mti wa mwaloni tu.

“Mwanzi upo,” nikabisha. “Mimi Mhehe, nimekulia kwenye mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi.”

Mama akanusa chupa. Akanusa glasi yangu, akairudia tena. Tabasamu likaisha.

“Ni kweli mwanzi upo,” akasema taratibu. “Sasa niambie, mwanangu, nani kanywea ulanzi kwenye glasi zangu?”