Krampu Mbele ya Katekista

Juzi nilipita kwenye nyumba moja hapa Bukoba mjini walikokuwa wakisubiri wageni wa posa. Mlangoni kulikuwa na mzigo wa nyasi mbichi, zimekatwa asubuhi hiyohiyo, na harufu yake ikanisimamisha pale barabarani kama mtu aliyesahau kitu. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi sakafuni, hata kama nyumba ina saruji na zulia juu yake. Wengine zikiwanukia hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka siku niliyocheza krampu mbele ya katekista, nikiwa darasa la sita, na hadi leo sijaamua kama nione aibu au nicheke.

Nianze na krampu yenyewe, maana najua kuna aliyekwishakunja uso. Ni dansi ya mtaani isiyo na hatua za kukariri. Unakanyaga chini kwa nguvu, unarusha kifua, unatupa mikono, na uso nao unacheza: unatoa macho, unauma meno, unafoka bila sauti. Niliiona mara ya kwanza Kibeta, kwenye pagale la jirani yetu, ambako kijana mmoja aitwaye Sudi aliwafundisha wenzake jioni kwa muziki wa simu. Simu yenyewe waliitumbukiza kwenye ndoo tupu ili isikike. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi, na siku hiyo mboga yetu ilisubiri sana. Kilichoninasa ni swali moja tu: hawa wamekasirika au wanafurahi? Kulikuwa na msichana aliyekanyaga kama anaua nyoka, kisha muziki ulipokatika akacheka na kuomba maji ya kunywa. Nilitaka mno kujua alikuwa ametoka wapi.

Sudi hakunifukuza. Alinifundisha kukanyaga kwa wayo mzima, magoti yakiwa laini, halafu kifua, halafu mikono. Hayo niliyashika upesi, na nikaanza kujiona fundi. Tatizo lilikuwa duara. Wenzako wanakuzunguka, unaingia katikati peke yako, unacheza kilichomo moyoni. Kila nilipoingia, moyoni palikuwa peupe. Nilipanga hatua nzurinzuri kama gwaride la shule, huku jicho moja likitafuta nani amefurahi.

"Kemi, unatuangalia sisi," Sudi aliniambia. "Sisi tuko hapa kila siku. Wewe uko wapi?"

Akasema tukitoka likizo ndipo ataamua nani aingie kwenye duara na nani aendelee kupiga makofi pembeni. Jamani, nilitaka duara lile kuliko nilivyotaka kufaulu mtihani.

Likizo nilipelekwa Kimwani, Muleba, kwa bibi mzaa baba. Bibi alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache na rozari shingoni, na kahawa za kutafuna hazikumwisha mdomoni. Akiulizwa habari za zamani alijibu kwamba yeye amelelewa na masista Kashozi, ya zamani waulizwe wa zamani. Basi, kila alipolala mchana, mimi nilijipenyeza kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, nyuma ya mibuni, nikafanya mazoezi bila muziki. Nilikanyaga majani makavu ya migomba, nikarusha kifua, nikatoa macho. Nilijiona ninatisha, na kweli nilitisha, maana jirani yetu Ma Byera, aliyekuja kukata majani ya kufunikia ndizi, alinikuta hivyo, akayaacha majani na kisu palepale.

Kufika jioni jumuiya nzima ilikuwa na habari kwamba mjukuu wa Ma Koku, yaani mimi, ameshikwa na mandwa. Nanyi msiojua, mandwa ni mizimu ya zamani waliyoitumikia wazee wetu kabla ya ubatizo. Ilisemwa kwamba humpanda mtu akatetemeka na kucheza, na kwamba haiachi ukoo. Ikishampata mama, itamrudia mtoto au mjukuu. Ndipo nikajua, kwa mdomo wa Ma Byera na si wa bibi, kwamba mama yake bibi alikuwa mtumishi mkubwa wa mandwa pale Kimwani. Nilitaka kuuliza maswali mia. Bibi alinitazama mara moja tu, swali likarudi lilikotoka.

Jambo lenyewe likawa zito. Watu wakashauri nisirudi mjini. Baba apigiwe simu, nihamishiwe shule ya Kimwani, niombewe mpaka itakapojulikana. Nililia kwa uchungu wa kweli. Niliona duara likijifunga bila mimi, na nilivyokuwa nikieleza kwamba huu ni mchezo, ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa.

Katekista akaja Jumamosi. Bibi alitandika nyasi mbichi chumba kizima, akapika chai. Katekista aliweka chupa ya maji ya baraka mezani, akaniuliza kwa upole nasikia sauti gani nikiwa kibanjani. Nikasema sisikii sauti, nahesabu moja mpaka nane. Akaandaa maombi. Ma Byera alikuwa amekwishapiga magoti.

"Ngojeni," bibi akasema kwa Kihaya. Akanigeukia. "Mwana wange, cheza."

Nilicheza. Waitu, jamani, msinicheke! Nyasi mbichi zinateleza, nusura nimwangukie katekista kwenye chai. Nilikanyaga, nikarusha kifua, nikatoa macho, na kila baada ya hatua nilimchungulia bibi, halafu katekista, halafu bibi tena. Bibi alikuwa ameacha kutafuna. Alinitazama miguu kwa muda mrefu, kisha uso, halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele ya mgeni. Alicheka.

"Huyu hana kitu," akasema. "Anatuangalia. Aliyeshikwa haoni mtu. Hata ukimwita jina, jina linamfikia kwa mbali, kama yuko chini ya maji. Miguu yake anaisikia ikimbeba kama ya mtu mwingine, na hataki ikome. Huyu ni mtoto anacheza. Mwacheni arudi shuleni kwake."

Katekista alimtazama, akatazama chupa yake, akaomba sukari kidogo. Maombi yakawa ya kawaida, ya kushukuru mavuno. Mimi nilikuwa huru, lakini nilinuna siku mbili nzima, kwa sababu bibi yangu wa Kimwani, asiyejua krampu ni nini, alikuwa ameniambia neno lilelile la Sudi.

Niliporudi Kibeta niliingia kwenye duara nikakazia macho ukuta wa tofali, nikajaribu kusikiliza miguu tu. Sudi akasema afadhali. Neno hilo lilinitosha, na tangu hapo sikuwapigia watu makofi pembeni tena.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Miaka baadaye nilikuwa mtu mzima, tayari nafundisha watoto wengine krampu, ndipo jioni moja katikati ya duara ikanitokea kweli. Nilimwona kila mtu, kisha sikumwona yeyote. Wenzangu waliita jina langu, nalo likanifikia kwa mbali, kama niko chini ya maji. Miguu ilinibeba, na sikutaka ikome. Muziki ulipoisha nilikaa chini kwenye saruji, natetemeka, nikaelewa kwamba jambo hili huwezi kulijua kwa kumtazama mwingine, hata awe mama yako mzazi, mtumishi wa mandwa.

Nikalia pale mbele ya wanafunzi wangu, nao wakadhani nimeumia goti. Maisha yake yote bibi aliuficha usichana wake nyuma ya masista wa Kashozi. Siku ile aliutoa nje, mbele ya katekista na jirani asiyefunga mdomo, ili mimi nirudi Kibeta nikacheze.