Puto la Mama Emérance na Safari ya Moshi

LIKASI, Januari 1996. Saa sita mchana inakaribia, na Mama Emérance Kabedi analiogesha puto. Si utani. Analishika kwa mikono miwili ndani ya beseni la maji ya vuguvugu na kuligeuza polepole kama mtoto mchanga. Mpira wake ni wa zamani, umekaukia kwenye boksi, na usipolainishwa utapasuka kabla ya kufika popote.

"Abedi, ile sigara, itupe kule mbali!" anafoka bila kugeuka. "Uko nataka tulipuke bote?"

Abedi, fundi wa tanuru mwenye mabega mapana, anatii bila ubishi. Anajua hatari iliyopo. Ndani ya chupa nene ya chuma iliyo kando ya ukuta, vipande vya sufuria za alumini vinachemka katika soda kali, na gesi inayotoka humo ndiyo inayojaza puto.

Mama Emérance, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni mpima hali ya hewa. Zamani gesi ilimfikia kwenye mitungi. Tangu mambo yaharibike mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mitungi haiji tena, na mshahara wake wa mwezi, ukibahatika kufika, haununui hata mfuko wa unga. Soda anapewa na wanawake wapikao sabuni. Sufuria zilizotoboka analetewa na mtaa mzima. Katika mji ambao siku hizi hata msumari uliopinda una mnunuzi, kupewa sufuria bure ni heshima kubwa, na mama huyu anaistahili.

Mtaa wenyewe uko chini ya kiwanda kidogo cha kuchoma mawe ya shaba. Tanuru likiwaka hutoa moshi wa kiberiti unaokereketa koo na kubabua majani ya matembele. Ratiba hakuna: mawe yakipatikana wanachoma, na mafundi hupewa unga siku ya kuchoma tu.

Ndipo puto linapoingia. Kwa miaka mitatu sasa, mafundi na mtaa wana mapatano yao: tanuru haliwashwi kabla ya puto la saa sita, na lisipopanda haliwashwi kabisa siku hiyo. Mama Emérance halijazi kama alivyofundishwa chuoni. Analitia gesi kidogo, kisha analifungia kitambaa chenye punje za mahindi, anaongeza na kupunguza, hadi libaki linasitasita hewani.

"Puto yenye kushiba inapandaka na nguvu yake yenyewe," anaeleza. "Hii ya njaa, voilà, inaenda tu kwenye hewa iko naenda. Na moshi njo vile vile."

Njaa ya puto ilitokana na uhaba wa gesi. Uhaba ukageuka kuwa elimu, na mwandishi huyu anakiri kwamba alivua kofia.

Leo lakini ni siku ngumu. Mvua imekatika, tanuru limelala wiki nzima, na jikoni kwa Abedi hakuna kitu. Angependa puto lipande kuliko mtu yeyote hapa. Ila binti yake, Samira, ana pumu. Mkewe, Zaina, amemleta mtoto hadi hapa na kusimama naye ukutani ili Abedi awaone vizuri.

"Mama, minye naomba ipande," Abedi anasema. "Kwa nyumba hakuna kintu."

"Omba Mungu, papa. Puto haisikiyake muntu."

Anaachia. Puto jekundu linajikokota juu ya mabati, linafika usawa wa nguzo za umeme, Abedi anaanza kutabasamu. Halafu linachoka. Linateleza pembeni kuelekea reli, kimo kilekile, bila haraka. Mama Emérance ananyoosha mkono wake sambamba na ardhi. Maana yake hewa imefungwa, na moshi wa leo ungelala vyumbani mwa watu.

"Bon," anasema Abedi. "Tutaona kesho."

Hatukani, hanuni. Kabla hajafika barabarani, wanawake wameanza kutoka majumbani na mabakuli. Kila nyumba inatoa gao moja la unga kwa ajili ya mafundi. Wenyewe wanauita unga wa puto. Ukitaka mtu asiwashe moto wake, mlishe. Na mabakuli hayo yanatoka kwa watu wanaokula mara moja kwa siku.

Siku ya pili yake anga inabadilika. Upepo wa msimu wa mvua unavuma kutoka magharibi, umelowa, na mawingu yanajijenga mnara juu ya mnara. Puto likiachiwa tu linanyakuliwa, linazunguka mara mbili na kumezwa na wingu. Mkono wa Mama Emérance unaelekea juu. Tanuru linawashwa, na moshi wa kijivu unavutwa wima hadi tumboni mwa wingu lilelile.

"Wingu imekula moshi!" watoto wanashangilia, na mama zao wanapiga makofi. Mama Emérance peke yake hapigi.

"Haikufa," anasema. "Mvua itanawisha sehemu, itaimwanga mbele kule, kwenye upepo iko nasukuma. Ingine inapanda mpaka kwa kichwa ya wingu, kule juu sana. Kule upepo ingine inaikamata, inairudisha nyuma, inaipeleka mbali. Minye siyue kwa nani."

Ile sehemu ya kwanza ndiyo inayomnyima usingizi. Mbele kule ni ziwa Tshangalele, na kando yake anaishi dada yake, Berthe, anayelima mboga na kunywa maji ya mvua. Mwaka jana Berthe alimletea majani ya muhogo yenye madoa ya kuungua. Huenda ni ugonjwa wa mmea tu. Mama Emérance hana uhakika, na hasemi asichokijua.

Kwa hiyo ana mpango. Parokia ina foni, ile redio ya kuitana, na karibu na ziwa ipo nyingine. Anataka kila siku puto likipanda, tanuru lisubiri hadi wa kule waitwe, wafunike maji yao, na waulizwe.

"Baulizwe nini?" Abedi anashtuka. Uso wake umejaa masizi, na kwa mara ya kwanza wiki hii amefanya kazi.

"Kama beko nakubali."

"Na bakisema hapana?"

"Basi hatuwashe. Shiye na beye ba kule tutatafuta siku ingine." Anamnyooshea kidole Samira, aliyekaa mlangoni akipumua vizuri. "Huyu iko na mama wa kusimama kwa ukuta. Bana ba kule, nani anabasimamia?"

Abedi anamtazama bintiye. Anajifuta masizi, kisha anauliza parokia hufungua foni saa ngapi.